Kuingiza fiba nyumbani Mombasa: kutoka nguzoni hadi sebuleni

Kabla hujalinganisha bei za intaneti ya fiba, yaani ile inayoletwa na waya mwembamba unaobeba mwanga, toka nje utazame nguzo. Kampuni inaweza kuwa na mabango kuanzia Mwembe Tayari hadi Mtwapa na bado isiwe na kisanduku katika kichochoro chenu. Nyingine ambayo hukuiwazia, huenda waya wake umepita juu ya baraza lako siku nyingi. Hapa Mombasa huduma hutofautiana mtaa na mtaa, na pengine upande huu wa barabara na ule, kwa hiyo nguzo ndiyo inayokupa orodha ya kampuni za kuchagua. Bei huja baadaye.

Unachotafuta ni kisanduku cha plastiki, cheusi au kijivu, kilichofungwa kwenye nguzo au ukutani mwa jengo, chenye nyaya nyembamba zinazotoka chini yake kuelekea majumbani. Mara nyingi kina nembo ya kampuni na namba iliyobandikwa au kuandikwa kwa wino. Piga picha nembo na namba. Visanduku vingi vina matundu 8 au 16 na kila nyumba hula tundu moja, basi hesabu nyaya zinazotoka. Kisanduku cha matundu 8 chenye nyaya 8 kimejaa. Ajenti atakuambia usubiri siku mbili tatu, lakini tundu halizaliwi: ama mteja mmoja aondolewe, ama kampuni ilete kisanduku kingine, na hilo laweza kuchukua wiki kadhaa. Ni afadhali ulijue kabla ya kulipa.

Pima pia umbali kutoka kisanduku hadi ukuta wako kwa njia ambayo waya utapita kweli, yaani kufuata nguzo na kona. Hatua 100 za mtu mzima ni kama mita 75. Chini ya mita 100 hakuna maneno. Ukianza kuzidi mita 200, tarajia kuambiwa uongeze pesa ya waya au nguzo.

Kisha uliza majirani, lakini uliza vizuri. Swali la "Intaneti yenu ni nzuri?" hujibiwa "alhamdulillahi" na mazungumzo yameisha. Uliza hivi: kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, video zinakwama? Mara ya mwisho ilipokatika, fundi alikuja baada ya siku ngapi? Stima ya mtaa mzima ikipotea, nayo hupotea? Jirani aliyeunganishwa kwenye kisanduku kile kile utakachounganishwa wewe ana habari zaidi ya duka zima la kampuni.

Kama nguzo haina kitu

Zipo njia tatu, na zote zinafanya kazi mradi ujue udhaifu wake.

Ya kwanza ni ruta ya laini ya simu, 4G au 5G. Usiinunue kwa kutazama ramani ya kampuni. Chukua simu yenye laini ya kampuni hiyo, simama pale ruta itakapokaa, upime kasi asubuhi na upime tena saa tatu usiku. Kipimo cha usiku ndicho utakachoishi nacho. Ruta ya aina hii hukaa dirishani upande unaotazama mnara. Kuiweka nyuma ya televisheni katikati ya nyumba ni kuipofusha.

Ya pili ni antena ndogo ya paani inayotazama mnara wa kampuni moja kwa moja. Bei yake huwa nafuu na inasaidia sana Kisauni na Likoni ndani ndani, ila inataka ione mnara bila kizuizi. Kiwanja kitupu kilicho mbele yako leo kikiota ghorofa nne mwakani, huduma imekwisha.

Ya tatu ni Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023. Haihitaji nguzo wala mnara, inahitaji anga. Na anga ya Pwani ina minazi. Programu yake ya simu ina kipimo kinachotumia kamera kukuonyesha kama kuna kinachoziba; kitumie kabla hujanunua sahani, ukiwa umesimama paani hasa. Mnazi mmoja ukikatiza, mazungumzo ya video yatakuwa yakikatika sekunde chache kila mara, na hakuna mpangilio wa kwenye simu utakaotibu hilo. Sahani ya kawaida hula wati 75 hadi 100, jambo la kukumbuka kwa anayehesabu tokeni.

Kasi ya kununua

Kampuni huuza kwa megabiti, Mbps, nasi hupakua mafaili kwa megabaiti. Gawanya kwa 8. Kifurushi cha Mbps 15 hupakua faili la gigabaiti moja kwa dakika 9 hivi, mambo yakienda sawa. Netflix wenyewe wanataka Mbps 5 kwa picha safi ya kawaida na 15 kwa ile ya 4K. Kikao cha video hula chini ya Mbps 4.

Nyumba ya watu wanne, televisheni moja na simu tano, Mbps 15 hadi 20 inatosha bila ugomvi. Televisheni mbili na mtu anayefanya kazi nyumbani, chukua 30 hadi 40. Zaidi ya hapo wengi hulipia kasi ambayo Wi-Fi yao haiwezi kuifikisha chumbani, na tutafika huko. Ili upate picha ya bei: Septemba 2024 Safaricom ilipoongeza kasi za vifurushi vyake vya nyumbani, kile cha chini kabisa kikawa Mbps 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi. Kampuni nyingine zipime kwa hicho.

Anza na kifurushi kidogo. Kupanda ni jambo la simu moja; kushuka huwa na maelezo mengi.

Mambo ya kuuliza kabla ya kusaini ni machache lakini yaulizwe. Kasi ya kupandisha (kutuma) ni sawa na ya kushusha (kupakua), au ni nusu yake? Kuna kiwango cha data kwa mwezi ambacho ukikivuka kasi inashushwa, na inashushwa hadi ngapi? Ada ya kuunganisha ni bure kweli, au ni bure ukikaa mwaka? Ruta ni yangu au ni ya kampuni? Na kama unataka kutazama kamera za nyumbani ukiwa mbali, uliza kama utapewa anwani ya IP ya peke yako, yaani namba inayoitambulisha nyumba yako kwenye intaneti. Kampuni nyingi huwaweka wateja kwa mamia nyuma ya anwani moja. Kamera zinazounganishwa kwa programu ya simu hazijali hilo, lakini mitambo ya zamani ya kurekodi itakataa kabisa kuonekana kutoka nje.

Ruhusa

Ukiwa mpangaji, huu ndio mlango ambao watu wengi hukwama, kwa sababu fundi hufika na keekee kabla mwenye nyumba hajaambiwa lolote. Majengo mengine ya Nyali na Kizingo yana mapatano na kampuni moja, na keateka hatamruhusu fundi wa kampuni nyingine kupanda ngazi. Ulizia hilo kwanza. Kwingine, andika ujumbe ulio wazi, kwani mwenye nyumba haogopi intaneti, anaogopa kutobolewa ukuta ovyo:

"Salaam aleikum mzee. Naomba idhini ya kuingiza waya wa fiba. Utatoka nguzo ya nyuma, upite chini ya ukingo wa paa, uingie kwa tundu moja la milimita 10 kando ya dirisha la sebule. Tundu litazibwa siku hiyo hiyo. Picha ya mahali penyewe hii hapa."

Akijibu "sawa", usiufute ujumbe huo.

Nyumba za Mji wa Kale zina adabu yake. Eneo lile ni la hifadhi, na fremu za milango ya nakshi hazitobolewi kwa sababu yoyote. Karibu kila nyumba ina tundu la zamani lililopita waya wa antena au wa simu. Mwonyeshe fundi hilo. Ukuta wenyewe ni matumbawe na chokaa, unene wake waweza kufika nusu mita, na keekee ya kawaida ikiingia kati hukutana na jiwe gumu au pengo na kutoka upande usiotarajiwa. Njia ya juu ya dirisha kwenye mbao huwa salama zaidi.

Kujiandikisha na kulipa

Utahitaji kitambulisho, namba ya simu inayofanya kazi na mahali ulipo. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina namba, tuma alama ya ramani kutoka simu yako ukiwa umesimama mlangoni, na uongeze maelezo ya kibinadamu: steji ya kushukia, msikiti au duka lililo karibu, rangi ya geti, ghorofa ya ngapi. Tuma na ile picha ya kisanduku yenye namba. Hiyo picha pekee huokoa safari moja ya fundi wa kukagua.

Pesa zote ziende kwenye namba ya Pay Bill ya kampuni, namba ya akaunti ikiwa ile uliyopewa kwa ujumbe rasmi. Hakuna malipo ya kuunganisha yanayotumwa kwa namba ya mtu. Ajenti anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ana kitambulisho shingoni na fulana ya kampuni, lakini ukimtumia yeye huna risiti, na akihama mtaa unabaki na jina lake la kwanza tu. Jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuweka PIN lisome mpaka mwisho.

Siku ya fundi

Kaa naye. Saa moja na nusu ya siku hii ndiyo itakayoamua miaka yako ya kutumia fiba, na makosa karibu yote yanayorudi baadaye hufanyika hapa.

Kabla hajafungua begi, mkubaliane ruta itakaa wapi. Tabia ya mafundi wenye haraka ni kuibandika pale waya unapoingia, mara nyingi pembeni kabisa ya nyumba, na Wi-Fi nusu inahudumia uchochoro. Iweke karibu na katikati ya nyumba, juu usawa wa kifua au zaidi, mahali penye soketi, mbali na friji na maikrowevu, nje ya kabati. Mita kumi za ziada za waya ndani ya nyumba hazipunguzi kitu: kilomita nzima ya fiba hula chini ya nusu desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea. Kona moja iliyobanwa na bawaba ya mlango yaweza kula desibeli kadhaa. Ndiyo maana umbali usikutishe, kona zikutishe.

Waya ukiwa nje, angalia mambo matatu. Kwanza, ufungwe kwa kishikio chake pale unapofika ukutani, ili upepo ukivuta uvute kishikio badala ya kuvuta ruta. Pili, kabla ya kuingia tunduni waya ushuke chini kidogo kisha upande, sentimita 10 au 15, mvua ya masika idondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi sebuleni. Tundu lenyewe litobolewe likiinama kuelekea nje na lizibwe kwa silikoni. Tatu, usifungwe pamoja na waya wa stima, wala usipite juu ya ncha ya bati. Bati na upepo wa kusi hukata ganda la waya polepole hadi siku moja unaamka taa nyekundu.

Ndani, kona zozote ziwe pana. Kanuni isiyohitaji kipimo: waya usikunjwe kwa duara dogo kuliko kifuniko cha chupa ya maji, na ukiweza uache upana wa kikombe. Akibaki na waya wa ziada, auzungushe kwa duara pana na kuutundika, asiusokote na kuukaza kwa kamba ya plastiki.

Kisha inakuja ncha. Konekta ya fiba ya nyumbani kwa kawaida ni ya kijani, na ya kijani huingia kwenye ya kijani. Ya buluu ina uso uliokatwa kwa namna nyingine. Ukiichomeka kwenye ya kijani itaingia na hata kuleta mwanga kiasi, lakini dhaifu na wa kuyumba. Fundi afute ncha kwa kitambaa na spiriti yake kabla ya kuchomeka, kila mara, hata kama ni mpya. Mji huu una vumbi la matumbawe na hewa ya chumvi, na chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuziba njia ya mwanga ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Wewe na watoto msitazame ndani ya ncha ya waya hata mara moja: mwanga wake hauonekani, na jicho halitapepesa kujikinga. Ule mwekundu anaoutumia fundi kutafuta mahali palipokatika ni mwingine, nao pia usitazamwe.

Sasa mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga. Kila fundi wa kweli ana kifaa cha mkononi, na namba huwa na alama ya kutoa. Kati ya −15 na −24 ni pazuri. Kuanzia −25 hadi −27 uko ukingoni: leo inafanya kazi, mvua ya kwanza au joto la Februari litakukumbusha. Ikipita −27, ruta nyingi hupoteza mwanga. Usikubali kuachwa na −26 kwa maneno ya "itatulia". Haitulii. Sababu huwa konekta chafu, kona, au kiungo kibovu kule kisandukuni, na zote zinarekebishika angali yupo kwenye ngazi. Piga picha ya kipimo hicho. Mwaka ujao ukilalamika, utakuwa na cha kulinganisha.

Kabla hajaondoka

Pima kasi kwa waya wa mtandao, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye ruta. Ukipima kwa Wi-Fi ukapata ndogo, hutajua kosa ni la kampuni au la ukuta. Umenunua Mbps 30, unapaswa kuona 28 na kuendelea. Kama umenunua kasi kubwa na kipimo kinagota kwenye 94 au 95, usiilaumu kampuni bado: waya wa mtandao una nyuzi 8, na moja ikikatika huweza kujishusha hadi Mbps 100, ambazo kwenye kipimo huonekana kama 94. Badilisha waya kwanza. Ucheleweshaji kwenda seva ya Nairobi uwe chini ya milisekunde 20; kwenda Ulaya 150 au hata zaidi ni kawaida.

Kuna anayedhani kwamba kuishi Nyali, karibu na pale nyaya za baharini zinapotua, kunampa kasi zaidi. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, EASSy 2010, na nyingine zimefuata. Lakini data yako haikimbilii ufukweni. Hupitia kwanza mitambo ya kampuni yako, na mara nyingi mitambo hiyo iko Nairobi, kisha ndiyo irudi Pwani ili itoke kwenda ng'ambo.

Badilisha nywila mbili hapo hapo: ya Wi-Fi na ya kuingilia mipangilio ya ruta. Ya pili husahauliwa na wengi, na ndiyo yenye hatari, kwa sababu ile ya kiwandani imebandikwa chini ya ruta na pengine ni moja kwa wateja wote. Ukurasa wa mipangilio hufunguliwa kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.100.1 kwenye kivinjari, kibandiko kitakuambia. Chagua usalama wa WPA2 au WPA3 na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila.

Chukua namba ya akaunti, namba ya huduma kwa wateja, na jina la fundi. Namba ya fundi ni nzuri kuwa nayo, ila matatizo yapitie kampuni ili yaandikwe.

Kuta za Mombasa

Fiba imefika na bado chumba cha nyuma hakina kitu. Hapa ndipo lawama nyingi hupotea njia.

Ruta hutoa masafa mawili. Yale ya 5 GHz ni mepesi na ya kasi lakini hufa kwenye ukuta wa pili. Ya 2.4 GHz hupenya zaidi, ila yamejaa: katika ghorofa za Tudor au Ganjoni simu yako yaweza kuona ruta ishirini za majirani zikigombania njia ile ile, na usiku ukapata Mbps 10 au 20 tu ingawa umelipia 40. Yape masafa hayo majina mawili tofauti ili ujue uko wapi. Televisheni na kompyuta zilizo karibu ziende kwenye 5. Kwa 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na upana wa 20 MHz. Upana wa 40 unaonekana mtamu kwenye karatasi, mtaani unazidisha fujo.

Ukuta wa matumbawe wa Mji wa Kale humeza vyote viwili, na sakafu ya zege kati ya ghorofa haiko mbali. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vya kurefusha Wi-Fi huuzwa kwa wingi madukani, navyo hufanya kazi kwa shida: vikipokea ishara dhaifu hurudia udhaifu, na vingi hupunguza kasi kwa nusu. Dawa ni waya. Pitisha waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6, wa shaba tupu, kutoka ruta hadi chumba cha mbali, uweke pale ruta ya pili. Waya wa bei ya chini sana ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika ndani kwenye kona na hewa yetu huula upesi.

Ruta hiyo ya pili, ambayo yaweza kuwa ya zamani, ipangwe hivi: zima DHCP yake (kazi ya kuzigawia simu na kompyuta anwani), ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, mfano 192.168.1.2, jina la Wi-Fi na nywila viwe sawa na vya kwanza, chaneli iwe tofauti, na waya uchomekwe kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Ukisahau kuzima DHCP, nusu ya simu zitakuwa zimeunganishwa bila intaneti, na utazunguka nyumba nzima ukitafuta mchawi.

Stima

Fiba ya kisasa haihitaji umeme kwenye nguzo. Kisanduku cha nje hugawa mwanga tu, hakina plagi. Kwa hiyo stima ya mtaa ikipotea, huduma bado ipo mlangoni kwako mradi kituo cha kampuni kina jenereta au betri; kilichozima ni ruta yako. Mitandao ya waya wa koaksia (ule kama wa antena ya televisheni) na ile ya antena za paani haina bahati hiyo, kwani njiani kuna vifaa vinavyokula umeme.

Nunua betri ndogo ya ruta, yenye tundu la volti 12. Soma adapta ya ruta yako kwanza: volti lazima zifanane kabisa, ampea za betri ziwe sawa au zaidi, na ncha ya duara iingie bila kulegea. Kisha usidanganywe na namba kubwa. Betri ya mAh 8,800 imehesabiwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 32 na nusu, na ukitoa zinazopotea njiani unabaki na 27 au 28. Ruta inayokula wati 10 itakaa chini kidogo ya saa tatu. Anayekuambia saa nane anakuuzia. Stima ikirudi huja na kishindo, basi betri yenyewe ichomekwe kwenye kinga kama ile mnayowekea friji au televisheni.

Ikikatika

Soma taa kabla ya kupiga simu.

Taa iliyoandikwa LOS ni nyekundu: mwanga haufiki. Kagua kama konekta imesukumwa hadi ikalia, kama waya umekunjwa nyuma ya meza au umetafunwa na panya. Kama waya uko salama, kosa ni la nje. Lori refu limevuta waya, barabara inachimbwa, au mtu aliyekuwa akiunganisha jirani amechomoa wako. Hili la mwisho si nadra kwenye visanduku vilivyojaa.

LOS imezima lakini taa ya PON inapepesa bila kutulia: mwanga unafika, ila mtambo wa kampuni haukutambui au mwanga ni dhaifu. Zima ruta, hesabu dakika moja, washa. Isipotulia kwa dakika tano, piga simu.

Taa zote nzuri na hakuna intaneti: angalia malipo. Kisha jaribu kwa waya. Usibonyeze kile kitundu cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, kwani ruta nyingi hupoteza taarifa za akaunti na utahitaji fundi kwa kosa ambalo halikuwepo.

Tovuti za hapa nchini na baadhi ya video zinafunguka vizuri lakini vya nje vinaburura, kwako na kwa majirani wa kampuni nyingine pia: huenda ni bahari. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja na Afrika Mashariki nzima ikapunguza mwendo. Fundi hana la kukusaidia hapo.

Ukipiga simu, anza na namba ya akaunti, rangi ya taa na saa ilipoanza, kisha udai namba ya malalamiko. "Intaneti imezingua" hukuletea maelekezo ya kuzima na kuwasha. "LOS nyekundu tangu saa kumi na mbili asubuhi, nimekagua waya wa ndani" hukuletea fundi. Kampuni ikikuzungusha na una namba hizo mkononi, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, lakini wao watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni na lini. Omba pia siku ulizokosa huduma ziongezwe mwishoni mwa mwezi. Hawatazitaja wenyewe.

Ukihama

Toa taarifa mapema, na kabla hata hujalipa amana ya nyumba mpya katazame nguzo ya huko. Kuhamisha huduma kuna ada katika kampuni nyingi. Chomoa konekta kwa kushika plastiki yake, usivute waya, uvike kifuniko chake kidogo cha vumbi, na uache waya umetundikwa ukutani kwa mpangaji ajaye. Ruta na adapta yake ni za kampuni isipokuwa mkataba unasema vingine. Ukirudisha, chukua karatasi iliyoandikwa namba ya ruta hiyo na tarehe.